Waheshimiwa Hawakutosha Redioni

Kulikuwa na nchi moja, na tafadhali msiniulize iko upande gani wa ramani, maana mkiitafuta mtaipata, halafu lawama zitaniangukia mimi. Iliitwa Subirani. Ilikuwa na wimbo wa taifa mrefu ambao kila ulipoimbwa wazee waliletewa viti, na mawaziri wengi kiasi kwamba mmoja wao kazi yake ilikuwa kukumbuka majina ya wenzake. Wananchi walikuwa wapole na wamezoea kungoja.

Sifa kubwa ya Subirani ilikuwa heshima. Pale hakuna aliyefungua mdomo hadharani kabla ya kuwataja wakubwa wote waliopo, cheo kwa cheo, kuanzia juu kushuka chini. Msibani marehemu alitajwa baada ya waliofika na magari yenye bendera. Nyumba ikishika moto, mwenye nyumba aliwapigia simu zimamoto akaanza, “Mheshimiwa Kamanda, Mheshimiwa Naibu Kamanda, waheshimiwa makamanda wadogo, mabibi na mabwana.” Kikosi kilipofika kilikuta majivu, lakini kilikuwa kimesalimiwa vizuri, na hakuna aliyenung’unika.

Bingwa wa sanaa hiyo alikuwa Bi. Sikudhani Makunganya, ofisa itifaki wa Wizara ya Mawasiliano, Maono na Makaribisho. Mpe jukwaa lililosheheni wageni, naye angewataja wote kwa pumzi moja, bila karatasi, bila kumruka mtu, na bila kumtaja mkubwa baada ya mdogo. Waziri mwenyewe alisema kwamba akitajwa na Sikudhani hujisikia ameongezeka uzito. Mwanamke huyo aliipenda kazi yake kama wengine wanavyopenda pilau.

Jambo moja tu lilimkosesha raha. Mama yake, Bi. Mwanahija, aliishi katika bonde la Nyamkoko, chini kidogo ya Bwawa la Heshima. Bwawa likijaa, milango yake ilifunguliwa, na bondeni hakuna aliyeambiwa, kwa sababu milima imelibana bonde lile na simu haishiki hata ukipanda juu ya paa. Hilo la paa lilikuwa na ushahidi. Masika yaliyopita milango ilifunguliwa ghafla, maji yakachukua choo cha Bi. Mwanahija na bata wake wote, naye akakutwa juu ya paa la jiko, amelowa chapachapa, akiwatukana wahandisi kwa majina ya baba zao. Wafanyakazi wenzake Sikudhani walicheka. Sikudhani hakucheka. Alijua kwamba siku nyingine maji yanaweza yasiishie chini ya paa.

Kwa hiyo serikali ilipotangaza kununua redio ndogo za kupeleka ujumbe wa maandishi kutoka kijiji hadi kijiji, bila simu, bila nguzo, bila waya, Sikudhani alimwangukia Waziri miguuni kuomba awe katibu wa kamati ya kuzichagua. Alitaka kitu kimoja tu: mama yake ajue kabla maji hayajafika.

*

Kamati iliongozwa na Kanali mstaafu Ngulumbi, mtu aliyewahi kushinda vita ambavyo adui hakufika. Wajumbe walikaa, wakataja wenzao, wakanywa chai, wakataja waliochelewa, kisha wakamwita mtaalamu awaeleze. Mtaalamu alikuwa dada mmoja mchangamfu, Injinia Nuriati, aliyeingia na redio mbili kwenye mkoba wa sokoni.

“Mifumo ni miwili,” alisema. “Wa kwanza tunauita Ukisikia Rudia. Kila redio ikisikia ujumbe, inaurudia, na ya jirani inausikia, nayo inarudia, mpaka unafika. Wa pili tunauita Vilele. Huu unachagua redio chache, unaziweka juu ya milima mirefu, na hizo peke yake ndizo zinazopokezana. Nyingine zinasikiliza tu.”

Kanali alikunja uso. “Huo wa kwanza. Ina maana ujumbe wa Mheshimiwa Waziri unaweza kupita kwenye redio ya mchunga mbuzi kabla ya kufika kwa Mkuu wa Wilaya?”

“Kama mchunga mbuzi yuko karibu zaidi, ndiyo, mheshimiwa.”

Chumba kizima kiliguna. Mjumbe mmoja aliomba maji ya kunywa.

“Na mbuzi je?” aliuliza mwingine kwa sauti ya chini. “Hawatausoma?”

Wakaegemea upande wa Vilele, ambao ulionekana wa kistaarabu. Ila ilipofika hatua ya kupanga redio zikae milima ipi, ikagundulika kwamba milima yote mirefu ya Subirani ilikwisha kugawiwa shemeji za watu wazito, nao wameizungushia seng’enge. Wakapendekeza redio za vilele zikae kwenye nyumba za wabunge. Nuriati akaeleza kwa upole kwamba nyumba za wabunge ziko mabondeni, ambako upepo ni mzuri, na redio iliyoko bondeni itaongea na ukuta wa mlima. Kanali akasema mlima unaweza kuandikiwa barua usogee.

Ili wasikosee, wajumbe walisafiri kwenda kujifunza habari za milima katika nchi moja ya ng’ambo ambayo ni tambarare kama meza. Walirudi wamenenepa, na picha zao wakiwa kwenye mashua. Sikudhani alibaki ofisini, maana lazima awepo wa kuwapokea uwanja wa ndege na kuwataja wanaposhuka ngazi.

Kulikuwa na shida nyingine. Redio yenyewe ilikuwa ndogo, kama kipande cha sabuni ya kufulia, na Waziri alipoonyeshwa aliuliza utepe utafungwa wapi. Haikuwa busara mtu wa hadhi yake kuzindua kitu kinachoweza kuanguka mfukoni. Ikaamuliwa ijengewe kabati la mninga, refu kumpita mtu, lenye nembo ya taifa na pazia. Redio iliwekwa ndani, kwenye rafu ya katikati, ikaonekana kama mswaki uliosahauliwa kwenye kasri.

Mwisho wakaufuata Ukisikia Rudia, kwa kuwa ndio pekee usiohitaji milima. Sikudhani alifurahi nusura apige kigelegele kikaoni. Hapo ndipo Nuriati alipotaja jambo dogo.

“Redio hizi zinafika mbali kwa sababu zinasema kidogo,” alisema. “Ujumbe mmoja ni mistari mitatu mifupi. Ukizidi hapo, unakatika.”

Kanali aliweka kikombe chini. “Mistari mitatu inatosha kusalimia. Ujumbe wenyewe utakaa wapi?”

Sheria za Subirani zilikuwa wazi: tangazo la serikali huanza na viongozi, kwa vyeo vyao kamili. Na Waziri peke yake, kwa vyeo vyake kamili, alikuwa mstari mzima na nusu.

Sikudhani alinyoosha mkono. “Waheshimiwa, tungeandika maneno mawili tu, ‘itifaki imezingatiwa’, halafu tuseme maji yanakuja.”

Wakamtazama kana kwamba ametema mate kwenye zulia.

“Bi. Sikudhani,” alisema Kanali kwa huzuni, “wewe? Bingwa wetu? Ukisema itifaki imezingatiwa bila kumtaja mtu, umezingatia nini?”

Akakabidhiwa yeye mwenyewe kazi ya kuandika salamu, kwa kuwa ana kipaji. Akaandika fupi, akaipunguza mpaka ikabaki na nafasi ya kuonya. Kila mjumbe akaisoma, akaisifu, akaongeza jina lake. Ilipomrudia, akaisoma mara ya mwisho.

“Mheshimiwa Mwenyekiti, neno ‘maji’ halikuingia.”

“Litaingia tu, Bibie. Maji hayazuiliki.”

Kamati ikaandika kwamba neno “maji” litaingizwa katika awamu ya pili. Na ili mtu yeyote asije akaikosea adabu nchi kwa haraka zake, ikaagizwa kila redio ikatae ujumbe wowote usioanza na “Mheshimiwa”.

*

Sikudhani aliipeleka redio ya Nyamkoko mwenyewe. Mama yake alikuwa mjumbe wa nyumba kumi, kwa hiyo ikawekwa jikoni kwake, juu ya kinu kilichoinamishwa.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Umekonda. Hiki ndicho chombo chenyewe? Nilidhani umeniletea sabuni.”

“Kikilia, mama, usome. Ukiona habari ya maji, panda mlimani na watu wako. Usiokote chochote.”

“Na kama hakijasema maji?”

Sikudhani aliinama, akajifanya anafunga kiatu. “Kitasema, mama. Katika awamu ya pili.”

Bi. Mwanahija alimtazama mwanawe kwa jicho la upande. Alikuwa na lake la kusema. “Mwambie huyo waziri wako asije huku. Mkuu wa Wilaya alipokuja tulisimama juani tangu alfajiri mpaka alasiri, tukaimba mpaka sauti zikakauka, kila nyumba ikatoa jogoo. Akapanda mti, akapiga picha, akaondoka. Mti ukang’olewa ukapandwe kijiji kinachofuata. Majogoo hawakurudi. Mpaka leo huku tunaamshwa na punda.”

“Hatakuja, mama.”

“Wewe ukija peke yako, sawa. Nitakupikia kambale wa nazi.”

*

Siku ya uzinduzi ilifanywa siri kubwa kwa sababu za kiusalama, kiasi kwamba nusu ya bendi haikufika. Jukwaa lilijengwa juu ya ukuta wa Bwawa la Heshima. Kabati la mninga lilisimama katikati, limefungwa utepe. Bwawa lenyewe lilikuwa limejaa pomoni na maji yanachungulia ukingoni, kwa kuwa mwenye zamu ya milango alikatazwa kuigusa kabla mgeni rasmi hajaondoka.

Sikudhani alitaja waheshimiwa. Aliwataja vizuri mno siku hiyo, wengine wakafuta machozi. Kisha Mheshimiwa Dakta Jabali Ndimbo, Waziri, akasimama.

“Ndugu wananchi,” aliwaambia maofisa, kwani wananchi hawakualikwa, “wapo wanaosema serikali yenu inafanya majaribio ya mezani. Leo tunajaribu kwa vitendo! Nikibonyeza hapa, onyo linakwenda bondeni. Nikibonyeza pale, milango inafunguka. Jaribio la maji bila maji ni maigizo!”

Makofi yalipigwa mpaka njiwa wakaruka. Sikudhani hakujua habari ya milango. Hakuna aliyejua, hata Waziri mwenyewe alikuwa ameifikiria pale pale, katikati ya sentensi.

Waziri akakata utepe, akafunua pazia, akabonyeza. Ujumbe ukaenda. Sikudhani alisogea akasoma, kwenye kioo kidogo cha redio, kile kilichotumwa:

“Mheshimiwa Dakta Jabali Ndimbo, Waziri wa Mawasiliano, Maono na Makaribisho, Mheshimiwa Kanali Mstaafu Ngulumbi, Mwenyekiti wa Kamati, Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, Mheshimiwa Mkuu wa Wil”

Basi. Ukakatikia hapo. Waziri akabonyeza kitufe cha pili, cha milango ya bwawa.

Milango ikaguna, ikafunguka, na maji yakatoka kwa kishindo kilichozima bendi. Wakubwa wakashangilia. Sikudhani hakusubiri kuruhusiwa. Alijipenyeza kati ya Kanali na Waziri, akaingiza kichwa na mabega yote kabatini, akaikamata redio na kuandika: “Mama maji yanakuja kimbia.”

Redio ikajibu kwa herufi safi: “Ujumbe haujatumwa. Anza kwa heshima.”

“Nani yumo kabatini?” aliuliza Kanali.

Sikudhani alilia kwa hasira, akafuta, akaandika upya: “Mheshimiwa Mama, maji yanakuja, kimbia mlimani.”

Ikaenda. Kioo kikaonyesha safari yake. Redio ya Mkuu wa Wilaya haikuitika, kwa kuwa ilikuwa ofisini, imefungiwa kwenye sanduku na nailoni yake ili isipate vumbi. Ujumbe ukamruka Mkuu wa Wilaya kama hayupo duniani, ukatua kwenye redio ya mchunga mbuzi ukingoni mwa mlima, ukarudiwa, ukaingia bondeni.

Jukwaani waligawa soda. Kule chini maji yalizunguka kona ya mlima, ya rangi ya udongo, yamebeba matawi na mlango wa nyumba ya mtu. Sikudhani alikaa sakafuni ndani ya kabati, redio kifuani, na kwa mara ya kwanza maishani hakukumbuka cheo cha mtu yeyote. Alimkumbuka mama yake tu, juu ya paa, amelowa, anatukana.

Redio ikalia.

“Mheshimiwa Sikudhani, tumefika juu sote. Sufuria nimeiokoa. Kambale wamerudi kwao.”

Akacheka na kulia kwa pamoja ndani ya mninga, mpaka kabati likatikisika. Waziri akawaambia wageni kuwa huo ndio mtambo, unachapa kazi.

*

Kesho yake alimkuta mama yake mlimani, ameanika khanga kwenye vichaka, na kijiji kizima kimemzunguka kikicheka mpaka mbavu zinauma. Bonde lilikuwa ziwa. Nyumba kadhaa zilikuwa zimelala chini. Watu walikuwepo wote, na kuku wao.

“Mama, mlijuaje? Ujumbe wa kwanza haukusema chochote!”

“Ulisema sana!” alijibu Bi. Mwanahija. “Nimesoma kwa sauti, Waziri, Kanali, Mkuu wa Mkoa, Mkuu wa nani sijui, na kabla sijamaliza bibi mmoja akapiga yowe: wanakuja wote! Mkuu wa Wilaya mmoja alitumalizia majogoo, hao wote si watatula sisi? Watu wakakamata kuku, wakafunga milango, hao, mguu niponye, mlimani. Hata yule babu wa magongo aliwapita vijana.”

“Na wewe?”

“Mimi nilibaki.” Aligeuza uso. “Nilisema kama waziri anakuja, basi na mwanangu yupo nyuma yake, ndiye anayemtaja. Nikabandika kambale. Mtoto anakuja kwao asikute chakula?”

Sikudhani akaketi kando yake.

“Nikiwa nakuna nazi, kikalia tena. Nikasoma: Mheshimiwa Mama. Nikashtuka. Huyu nimemzaa mimi, nimemwogesha, nimemchapa, hajaniita mheshimiwa hata siku moja. Hapa kuna balaa. Hata hayo ya maji nimeyasomea njiani, nakimbia.”

*

Serikali ya Subirani ilipokea habari hizo kwa fahari. Ripoti ilisema kwamba wananchi waliokolewa na salamu, jambo ambalo halijapata kutokea popote ulimwenguni, na ambalo lilikuwa kweli kabisa. Salamu ikarefushwa. “Mheshimiwa Mama” ikaingizwa rasmi kwenye itifaki ya taifa, baada ya mama wa Waziri na kabla ya mama wa Kanali. Awamu ya pili ikafutwa, kwa kuwa neno “maji” lilionekana si la lazima.

Waziri akaamua kwenda Nyamkoko kupokea shukrani. Kwa mujibu wa kanuni, ujumbe wa redio ulitangulia, umejaa waheshimiwa mpaka ukingoni.

Msafara ulipofika, kijiji kilikuwa kitupu. Viti vilikuwepo, jukwaa lilikuwepo, na kuku mmoja mzee aliyeshindwa kupanda. Huko juu mlimani watu walikuwa wamekaa wakitazama, na moshi mwembamba ulikuwa unapanda mahali ambapo mtu fulani amebandika chungu.

“Endelea, Bibie,” alinong’ona Waziri, akiweka sawa tai. “Nitaje.”

Sikudhani alishika kipaza sauti. Aliwatazama wakubwa wote waliopangwa mbele yake, akavuta ile pumzi yake ndefu inayojulikana nchi nzima, na maofisa wakanyoosha migongo kusubiri kutajwa. Upepo ukaleta harufu ya nazi.

“Itifaki imezingatiwa,” alisema.

Akaweka kipaza sauti juu ya kiti cha Mkuu wa Wilaya, akavua viatu, akapanda mlima kwenda kula.